KOPO LILILOFICHWA BAGAMOYO

1. Asili ya mchezo

Watu wa kila nchi hupenda kutafuta kitu kilichofichwa. Watoto wadogo hujificha wakatafutana nyuma ya nyumba. Watu wazima hutegeana vitendawili, na kitendawili nacho ni namna ya kuficha, maana mwenye kutega huficha kitu ndani ya maneno, na mwenye kutegua hukitafuta kwa akili yake. Mchezo unaoelezwa katika somo hili umeunganisha mambo hayo mawili, yaani kutafuta kwa miguu na kutafuta kwa akili.

Huko Uingereza kuna nyika kubwa yenye mawe na matope, jina lake Dartmoor. Mwaka 1854 mtu mmoja aliyekuwa akiwaongoza wageni katika nyika ile, James Perrott, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, ambapo ni mbali na pagumu kufikika. Kila mgeni aliyeweza kufika aliacha kadi yenye jina lake ndani ya chupa, iwe ushahidi kwamba amefika kweli. Desturi hiyo ikaenea, na watu wengine wakaficha visanduku vyao katika nyika ile.

Baada ya miaka mingi mchezo ukapata chombo kipya. Juu sana angani, kadiri ya kilometa 20,000 kutoka ardhini, huzunguka setilaiti zilizorushwa na Serikali ya Marekani. Kila setilaiti hupeleka habari bila kukoma, ikitaja mahali ilipo na saa kamili. Chombo kidogo mkononi mwa mtu hupokea habari hiyo na kupima muda iliotumia njiani. Kwa muda huo hujua setilaiti iko umbali gani. Setilaiti 3 zingetosha kuonyesha mahali, lakini saa ya chombo kidogo si kamili kama za setilaiti, kwa hiyo hutakiwa ya 4 ili kosa la saa lisahihishwe. Siku hizi simu nyingi za mkononi zina chombo hicho ndani yake.

Zamani Serikali ya Marekani iliharibu kidogo habari hizo kwa makusudi, ili watu wasio wa jeshi wasipate kujua mahali barabara. Mwezi wa Mei mwaka 2000 iliacha kufanya hivyo. Mara tu baadaye, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer wa Marekani alificha ndoo karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon. Ndani yake aliweka daftari, penseli na vitu vidogo vidogo, hata kopo la maharage. Kisha akawatangazia watu tarakimu za mahali pale. Sharti lake lilikuwa jepesi: atakayeiona aandike jina lake, na akichukua kitu aache kingine. Haikupita wiki moja ndoo ikaonekana. Leo vitu vilivyofichwa kwa njia hiyo duniani vimezidi milioni 3.

2. Mwalimu anatega

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi mchezo huo uwezavyo kuwafundisha watoto habari za mji wao wenyewe.

Palikuwa na mwalimu mmoja katika mji wa Bagamoyo. Aliona kwamba wanafunzi wake wanajua majina ya miji mikubwa ya mbali, lakini hupita kila siku mbele ya majengo ya kale ya kwao bila kuyatazama. Basi akanunua sanduku dogo la bati na kufuli lenye tarakimu 4. Akaomba idhini kwa wenye mahali, akaliweka sanduku chini ya mwembe mmoja kando ya njia, akalifunika kwa majani makavu. Hakuchimba shimo, wala hakuvunja tawi.

Siku ya Jumamosi asubuhi aliwakusanya wanafunzi, akawagawa makundi mawili. Kila kundi alilipa simu yenye kuonyesha mahali, na karatasi yenye vitendawili vinne. Akawaambia, "Wanangu, bati nimelificha mahali ambapo simu hizi zitawaonyesha. Lakini kuliona si kulifungua. Kila kitendawili kitawapeleka mahali pamoja, na kila mahali patawapa tarakimu moja. Waulizeni walinzi na wazee wa mahali. Msiguse jiwe, msipande ukuta, wala msikimbie makaburini. Kundi litakalofungua kufuli kwanza ndilo litakaloandika majina yake kwanza katika daftari lililomo."

Kisha akawakumbusha maana ya tarakimu za simu. Bagamoyo iko kusini ya Ikweta kwa nyuzi 6 na dakika kama 26. Dakika moja ya latitudo ni kadiri ya meta 1,850. Tarakimu zikiongezwa hata sehemu ya elfu ya dakika, mtu hupata mahali pasipozidi meta 2. "Hata hivyo," akasema mwalimu, "simu huweza kukosea kwa hatua kadhaa. Hapo itakapowaacha, macho yenu yaanze kazi."

3. Vitendawili vitatu vya kwanza

Kitendawili cha kwanza kilisema: "Sisi ni ndugu tuliojengwa kwa ajili ya sala, paa letu ni mbingu, na majirani zetu hawasemi. Tu wangapi?"

Wanafunzi wakafikiri. Msichana mmoja akasema, "Majirani wasiosema ni wafu. Nyumba ya sala isiyo na paa ni gofu. Twendeni Kaole." Makundi yote mawili yakaenda Kaole, mwendo wa kilometa kama 5 kusini ya mji. Huko waliona magofu ya misikiti 2 iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kando yake makaburi ya kale, mengine yenye nguzo ndefu. Watu waliishi Kaole tangu karne ya 13, wakafanya biashara na nchi za ng'ambo, muda mrefu kabla Bagamoyo haijawa mji mkubwa. Sasa mikoko imeota mahali ambapo zamani vyombo vilitia nanga. Tarakimu ya kwanza ikawa 2.

Kitendawili cha pili kilisema: "Nilikuwa kiti cha wakubwa waliotoka mbali. Walikuja bila kualikwa, wakaondoka bila kuaga. Nipeni tarakimu ya mwisho ya mwaka wangu."

Hiki hakikuwa kigumu. Wakarudi mjini mpaka Boma, jengo la ghorofa ambalo Wadachi walilijenga mwaka 1897 liwe makao ya utawala wao. Mzee mmoja aliyekaa kivulini aliwaeleza kwamba Bagamoyo ulikuwa mji mkuu wa kwanza wa utawala huo. Lakini maji ya pwani yake ni machache, meli kubwa haziwezi kukaribia. Kwa hiyo mwaka 1891 makao makuu yakahamishiwa Dar es Salaam, penye bandari yenye kina. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliutwaa mji, na utawala wa Wadachi ukaisha hapo. Tarakimu ya pili ikawa 7.

Kitendawili cha tatu kilisema: "Nilivikwa mkufu wa chuma, nami nikaula taratibu. Mkia wake tu ndio uliobaki nje. Nipeni tarakimu ya mwisho ya mwaka niliopandwa."

Wanafunzi wengi wakacheka, maana hakuna mnyama alaye chuma. Lakini mvulana mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akasema, "Mnyama hapandwi. Kinachopandwa ni mti." Wakaenda upande wa kaskazini mpaka Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Pale umesimama mbuyu mkubwa uliopandwa mwaka 1868, mwaka ule ule mapadre walipofika Bagamoyo wakaanza kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani. Husimuliwa kwamba bibi mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, alifunga mnyororo katika mbuyu ule ili amfungie punda wake. Mnyororo haukuondolewa. Mti ukanenepa mwaka kwa mwaka, gome likaufunika, hata leo kipande kidogo tu huonekana nje. Tarakimu ya tatu ikawa 8.

4. Kufuli halifunguki

Kitendawili cha nne kilisema: "Alilala hapa usiku mmoja, wala hakuamka asubuhi, hata hivyo aliendelea na safari. Hakuja kwa miguu yake. Nipeni tarakimu ya mwisho ya mwaka aliolazwa hapa."

Kundi la kwanza lilikuwa na mvulana hodari wa masomo, mwenye kukumbuka kila mwaka ulioandikwa kitabuni. Mara akapaza sauti, "Ni Dokta Livingstone! Mwili wake uliwekwa katika mnara wa kanisa la kale, pale pale mbele yetu. Naye alifariki mwaka 1873. Tarakimu ni 3. Hatuna haja ya kwenda kuuliza, twendeni kwenye sanduku."

Wenzake wakafurahi, wakashika njia mbio. Simu ikawaongoza mpaka chini ya miembe. Walipobakiza hatua chache mshale wa simu ukaanza kuyumba huku na huku, wakaiweka simu mfukoni, wakatafuta kwa macho. Haukupita muda wakaona majani yaliyolundikana kuliko mengine, na chini yake bati. Yule mvulana akageuza tarakimu za kufuli: 2, 7, 8, 3. Akavuta. Kufuli halikufunguka.

Akajaribu tena, polepole. Halikufunguka. Mmoja akasema kwamba mwalimu amekosea. Mwingine akaokota jiwe, akainua mkono apige kufuli. Lakini msichana aliyekuwa na karatasi akamzuia, akasema, "Ukilivunja, tutakuwa tumefungua bati, lakini kitendawili kitabaki kimefungwa. Someni tena. Imeandikwa, hakuja kwa miguu yake. Basi alikuja kwa miguu ya nani?"

Wote wakanyamaza. Yule mvulana hodari akatazama chini. Alijua mwaka wa kufa kwa Livingstone, na alijua kwamba mwili ulifika Bagamoyo. Lakini hakuwa amefikiri hata mara moja juu ya njia iliyo katikati ya mambo hayo mawili. Akatupa jiwe lile kando, akasema, "Kosa ni langu. Turudi mnarani."

5. Waliomleta

Walipofika mnarani walilikuta kundi la pili limeketi chini, linamsikiliza mzee mlinzi. Wakamwamkia, "Shikamoo, babu." Akajibu, "Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni. Hamkuchelewa sana, ndiyo kwanza tumefika Tabora."

Yule mvulana akauliza, "Babu, Dokta Livingstone alifariki mwaka 1873. Kwa nini mwaka huo haufungui?"

Mzee akawasimulia tena tangu mwanzo. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake wangeweza kumzika pale pale, wakagawana mali, wakarudi makwao. Hakuna ambaye angewaona. Lakini Abdullah Susi na James Chuma, waliomtumikia miaka mingi, walishauriana na wenzao, wakakubaliana kumrudisha kwa ndugu zake. Moyo wake waliuzika chini ya mti. Jacob Wainwright, ambaye alikuwa ameokolewa utumwani na kusomeshwa Uhindi, alisoma sala za maziko, kisha akachora maandishi katika gome la mti ule. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku nyingi, wakaufunga kwa nguo na magome ya miti, wakauchukua mabegani.

Safari yao ilizidi kilometa 1,500. Wengi wao waliugua, na wengine walikufa njiani. Pamoja nao walikuwamo wanawake, mmoja wao ni Halima aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Karibu na Tabora walikutana na Waingereza waliokuwa wakimtafuta Livingstone, na mkubwa wao, Cameron, aliwashauri wamzike huko huko. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji wa kijiji kimoja waliogopa maiti, wakawazuia wasipite. Basi wale wachukuzi wakafanya hila. Walitengeneza mzigo wa uongo mfano wa maiti, wakajifanya wanaurudisha Tabora kuuzika. Maiti yenyewe wakaifunga kama mtumba wa nguo, wakapita nayo.

"Hata mwezi wa Februari mwaka 1874," mzee akasema, "ndipo walipoingia Bagamoyo. Mwili ukalazwa hapa usiku mmoja. Asubuhi ukapelekwa pwani, ukapakiwa melini kwenda Unguja, na kutoka huko Uingereza. Tarehe 18 Aprili ukazikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey. Jacob Wainwright alikwenda nao. Susi na Chuma walipata kufika Uingereza, lakini baada ya mazishi. Wengine walilipwa mshahara wao hapa pwani, wakaambiwa waende zao. Sasa wewe, mjukuu wangu, niambie. Kati ya mwaka wako na mwaka wangu kuna nini?"

Mvulana akajibu, "Kuna mwendo wa miezi kama 9, babu. Nami nimeuruka."

"Hukuuruka peke yako," mzee akasema. "Wengi hulitaja jina la aliyechukuliwa. Wachache huwataja waliomchukua."

6. Ndani ya bati

Makundi mawili yakaagana na mzee, yakaenda pamoja hata kwenye mwembe. Kundi la pili lilikuwa na haki ya kufungua kwanza, maana ndilo lililouliza kabla ya kukimbia. Lakini viongozi wake wakamwita yule mvulana aliyekosea, wakamwambia, "Wewe ndiwe uliyeliona bati. Ligeuze." Akaweka 2, 7, 8, 4. Kufuli likafunguka kwa sauti ndogo.

Ndani palikuwa na daftari jipya, penseli, na kipande cha karatasi kilichoandikwa na mwalimu maneno haya: "Andikeni majina ya waliofika, kisha ya waliofikisha."

Kwanza hawakuelewa. Kisha yule msichana akaichukua penseli. Akaandika majina ya wanafunzi wote, wa kundi hili na wa kundi lile, bila kutenga. Chini yake akapiga mstari, akaandika: Susi. Chuma. Wainwright. Halima. Akafikiri kidogo, akaongeza: "na wenzao wote, waliofika na waliofia njiani."

Jumatatu mwalimu alilisoma daftari mbele ya darasa. Hakuuliza ni kundi gani lililoshinda, wala hakuna mwanafunzi aliyeuliza.

7. Sheria za mchezo

Mwenye kuficha huomba kwanza ruhusa ya mwenye mahali. Hafichi kaburini, wala msikitini, wala kanisani, wala ndani ya ukuta wa kale, kwa sababu mtafutaji mwenye pupa huweza kung'oa jiwe, na jiwe la miaka 700 likivunjika halina mwenzake. Hazikwi chini, ili watu wasichimbechimbe. Hakiwekwi chakula, maana huvuta wadudu na wanyama. Mwenye kutafuta hurudisha kila kitu kama alivyokikuta, ili atakayekuja baada yake apate furaha ile ile.

Zaidi ya yote, mji wenye historia ya huzuni hutembelewa kwa adabu. Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Wapagazi walifika hapo na pembe za ndovu, wakatua mizigo. Wengine walifika wakiwa watumwa. Watu husema jina la mji limetoka katika maneno "bwaga moyo". Wengine huyafasiri kuwa ni kutua mzigo na kuburudisha moyo, kwa sababu safari imekwisha. Wengine husema ni kukata tamaa, kwa sababu mbele kuna bahari na hakuna kurudi. Jina ni moja, na kila mmoja alilisikia kwa kadiri ya mzigo alioubeba.

MASWALI

1. Kwa nini chombo cha mkononi huhitaji setilaiti 4 badala ya 3?
2. Dakika 1 ya latitudo ni kadiri ya meta 1,850. Sehemu ya elfu ya dakika ni meta ngapi?
3. Eleza jinsi mbuyu ulivyoweza "kumeza" mnyororo.
4. Kundi la kwanza lilitoa tarakimu 3 katika kitendawili cha nne. Ni maneno gani ya kitendawili waliyoyapuuza?
5. Taja mambo mawili ambayo Susi, Chuma na wenzao wangeweza kufanya ili wajipunguzie taabu, nao hawakuyafanya.
6. Chagua jengo moja la kale, au mti, au kisima katika mji au kijiji chako. Waulize wazee habari zake, kisha utunge kitendawili ambacho jibu lake ni mahali hapo.